Saini ya Mwaka wa Pili

Sijawahi kusikia gavana akialikwa kuzindua mtaro uliozibuliwa. Barabara mpya huzinduliwa. Kisima huzinduliwa, na hata choo cha soko hupata bamba la jiwe lenye jina la mheshimiwa na tarehe. Aliyechota tope kwenye kalvati wiki moja kabla ya mvua za Oktoba hapati hema wala viti vya plastiki, na mara nyingi hapati hata malipo, kwa kuwa hakuna tenda iliyotangazwa ya kuchota tope hilo. Ukizunguka Kitui na Makueni ukitafuta kazi za namna hii, utakuta zabuni nyingi za kujenga na chache mno za kutunza. Wapo wanaolaumu uzembe wa maafisa. Mimi naona chanzo kimo ndani ya sheria, ndani ya kalenda na ndani ya mkataba wenyewe.

Kaunti hizi mbili ni ndugu wa lugha moja, ila ardhi imezigawia mizigo tofauti. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Idadi hazijaachana sana. Kwa upana, hata hivyo, Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, karibu mara nne ya Makueni. Kwa hiyo kila mkazi wa Kitui amebebeshwa kipande kirefu zaidi cha barabara ya udongo, bomba refu zaidi, na zahanati iliyo mbali zaidi na fundi. Mkandarasi wa mjini Kitui anayekwenda kujenga kivuko upande wa Tseikuru au Mutha huanza kuhesabu dizeli kabla ya kuhesabu saruji. Wanaozilinganisha kaunti hizi kwa kuuliza nani ana gavana bora huwa wameiruka hesabu hiyo.

Makueni ilianza ugatuzi vibaya. Mwaka 2014 Gavana Kivutha Kibwana na wawakilishi wa wadi walikosana juu ya bajeti hadi risasi zikapigwa kwenye eneo la bunge la kaunti mjini Wote. Wananchi wakatia saini ombi la kutaka kaunti nzima ivunjwe, na tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ikapendekeza isimamishwe. Rais Uhuru Kenyatta alilikataa pendekezo hilo mwaka 2015. Kashikashi hiyo ilipotulia ndipo ulipopata nguvu utaratibu ambao wajumbe wa kaunti nyingine sasa huja kuutazama: mikutano inayoanzia kijijini, ikapanda kwenye kundi la vijiji, wadi ndogo, wadi na kaunti ndogo, hadi baraza la kaunti nzima. Kila mradi una kamati iliyochaguliwa na wakazi. Kamati hupewa nakala ya BQ, ile orodha ya kazi, vifaa na bei zake, na mkandarasi halipwi mpaka kamati itie saini.

Hapo kwenye saini ndipo penye uzito. Mikutano ya hadhara tunayo Kenya nzima. Katiba ya 2010 inaidai, na kaunti nyingi huitimiza kwa soda, mkate na orodha ya mahudhurio. Kumpa mwanakijiji uwezo wa kuzuia malipo ni jambo lingine kabisa. Katika kijiji cha Ukambani hakukosekani fundi mstaafu aliyejenga Nairobi au Mombasa kwa miaka mingi, anayejua kwa kutazama tu kama zege limechanganywa moja-mbili-nne au limezidishwa mchanga. Mama anayeuza chai kando ya mradi anajua malori mangapi ya kokoto yamepita, na yapi yalirudi na mzigo wao. Mhandisi wa kaunti huja mara chache, tena kwa gari la kuazima kutoka idara nyingine. Hawa wapo kila siku. Utaratibu wa Makueni uliwageuza watu waliokuwa wakiona bila kuulizwa wakawa watu ambao lazima waulizwe.

Nisiupambe kupita kiasi. Wanakamati ni watu wa kujitolea. Siku ya kukagua ni siku ya kibarua iliyopotea. Na kuna mwezi wa Juni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka pesa ambazo hazijatumika kufikia 30 Juni zirudi kwenye mfuko wa kaunti. Juni ikifika, mkandarasi huja na afisa wa wadi, na maneno huwa yaleyale: mzee, msiposaini leo pesa zinarudi, na kijiji kitakosa. Mwenyekiti wa kamati anautazama ukuta ambao haujapigwa lipu upande wa nyuma, anawaza majirani watakavyomwita adui wa maendeleo, kisha anaomba kalamu. Kalamu aliyopewa imfanye mlinzi sasa inamfanya mshirika. Hata hivyo, miezi kumi na mmoja ya ulinzi si haba, na kaunti nyingi hazina hata mmoja.

Shida yangu inaanzia baada ya saini hiyo. Mkataba wa kawaida wa ujenzi huzuia sehemu ya malipo, aghalabu asilimia 10, hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe, na kipindi hicho ni miezi sita hadi mwaka. Kikipita, mkandarasi huchukua dhamana yake na kuondoka kihalali. Kamati ya mradi nayo imemaliza kazi iliyochaguliwa kufanya. Mhandisi ana miradi mipya ya mwaka mpya. Kuanzia hapo ile drifti, yaani sakafu ya zege iliyolazwa kwenye mto, au ule mtaro hauna mtu ambaye kalamu yake inahitajika kwa lolote. Mwaka wa kwanza ulikuwa na saini nne au tano. Wa pili hauna hata moja.

Ukiuliza kwa nini hakuna tenda ya kuutunza mwaka huo wa pili, jibu limejificha kwenye hesabu. Sheria hiyohiyo ya 2012 inataka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo. Nia ilikuwa njema: bila kizuizi hicho, mishahara na safari zingekula kila kitu. Lakini matengenezo ya kawaida huandikwa upande wa matumizi ya kila siku, pamoja na mishahara, karatasi na mafuta ya magari. Kujenga kalvati jipya ni maendeleo. Kulizibua la zamani ni matumizi. Kaunti inayoziba mashimo mapema huonekana kwenye vitabu kama inayokula pesa, na ile inayoiacha barabara ioze miaka mitano kisha iijenge upya huhesabiwa kuwa imeleta maendeleo mara mbili. Hakuna mwizi katika habari hii. Karani mwaminifu kabisa, akifuata kanuni neno kwa neno, atafika hapo hapo.

Serikali ya kitaifa iliuona ugonjwa huu zamani, angalau kwa barabara. Tangu sheria ya 1993 kila lita ya petroli na dizeli hutozwa ada ya matengenezo ya barabara, ambayo Julai 2024 ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25. Kisha kukazuka mvutano. Magavana walidai sehemu yao, shilingi bilioni 10.5 kwa mwaka wa fedha wa 2024/25, kwa hoja kwamba barabara nyingi za nchi ziko mikononi mwao. Wabunge wakakataa, na kesi zikaenda kortini. Mwenye bodaboda wa Mutomo au Kathonzweni amekwisha kulipa ada hiyo kwenye kituo cha mafuta, kila asubuhi. Wanaogombania chungu ndio waliovutana nani apakue.

Halafu kuna kalenda. Ukambani mvua tunayoitegemea zaidi kwa mavuno ni ile fupi, ya Oktoba hadi Desemba. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Bunge la Taifa na Seneti huvutana kuhusu mgawo wa kaunti. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa, mvutano huo uliendelea miezi kadhaa kabla ya kukubaliana juu ya shilingi bilioni 387.4. Pesa za kwanza zinapofika, mishahara huwa inasubiri mlangoni. Tangazo la tenda hutoka Septemba au Oktoba, tathmini hufanywa, aliyeshindwa ana siku 14 za kukata rufaa, na mkataba unatiwa saini wakati mito imekwisha kuja. Greda hupelekwa kwenye tope au husubiri Januari. Kazi ya mitaro, ambayo faida yake yote iko katika kufanywa Agosti na Septemba, ni nadra kufanywa miezi hiyo. Mkulima anayepanda mbaazi huko angefilisika kwa kalenda kama hii.

Tarehe 4 Desemba 2021, katikati ya mvua hizo, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye kivuko kilichofurika cha mto Enziu, karibu na Mwingi. Watu zaidi ya 30 walikufa. Nchi nzima iliitazama picha ya lile basi la manjano likiinamia upande mmoja na kuzama, huku watu wamesimama ukingoni. Wengi walimlaumu dereva. Lakini mtu wa Mwingi anajua kwamba mito yetu ni ya msimu: miezi tisa ni mchanga mkavu ambao mbuzi huvuka wakicheza, kisha kwa saa chache huwa bahari. Drifti ndiyo njia ya bei nafuu ya kuvuka mito ya aina hiyo, nami siipingi. Kaunti maskini haiwezi kuweka daraja kila mahali. Ila drifti huishi kwa vitu vidogo: nguzo za pembeni zilizopakwa rangi zinazoonyesha kina cha maji, mawe ya kuzuia mmomonyoko upande wa chini, kizuizi na mtu wa kukifunga mto unapokuja. Vyote hivyo ni vya bei ndogo, na vyote ni matengenezo. Hakuna kimojawapo kinachostahili bamba.

Tuwageukie wanaotafuta tenda hizi, maana lawama huwaangukia wao kwanza. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 iliahidi mengi: asilimia 30 ya tenda kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, mpango tunaoujua kama AGPO tangu 2013, na asilimia 20 ya ununuzi wa kaunti kwa wakazi wa kaunti hiyo. Kwenye karatasi, kikundi cha vijana wa Kibwezi kinaweza kupata kazi ya kujenga vyoo vya zahanati bila kuweka dhamana ya benki. Kwenye ofisi ya zabuni, kikundi hicho kinahitaji cheti cha AGPO, usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, cheti cha kodi, leseni ya biashara, na kitabu cha zabuni ambacho kila ukurasa umetiwa nambari kwa mfululizo. Ukurasa mmoja usipokuwa na nambari, zabuni nzima inaweza kutupwa, hata kama bei ni nzuri na mafundi ni hodari. Ndiyo maana mijini kumezaliwa kazi ya kuandaa vitabu vya tenda tu, na wanaoifanya hula vizuri kuliko wanaochanganya zege.

Vikundi vikishinda, huanza subira. Vifaa huchukuliwa kwa mkopo dukani, vibarua hulipwa Jumamosi, na kaunti hulipa itakapolipa. Madeni ya kaunti zote 47 kwa wakandarasi na wauzaji yamekuwa yakipita shilingi bilioni 150, kwa ripoti za Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o. Kwa kampuni kubwa deni la mwaka mmoja ni usumbufu. Kwa kikundi cha wanawake watano ni shamba kuuzwa. Matokeo yake yanajulikana kila mji, ingawa hayasemwi kwenye vikao: kikundi kinakodisha cheti chake kwa mwenye mtaji, kinachukua asilimia yake mapema, na mwenye mtaji anafanya kazi kwa jina la akina mama. Naye kwa kuwa amekwisha kumlipa mwenye cheti, na atasubiri malipo mwaka mzima, hupunguza saruji. Kabla ya kulaani ufisadi wake, tuhesabu kwanza ni nani aliyemkopesha nani. Kaunti isiyolipa kwa wakati inajijengea ukuta mbovu kwa pesa za muuza saruji.

Kitui imejaribu njia yake. Kaunti hiyo ina wadi 40 na vijiji 247 vya kiutawala, na katika awamu ya kwanza ya Gavana Julius Malombe ulianza mpango wa miundombinu ya ngazi ya jamii, CLIDP, ambao umeendelea kuonekana katika bajeti za baadaye. Fikra ni kuziteremsha pesa hadi mahali ambapo mtu anaweza kutaja kwa jina darasa litakaloezekwa au kivuko kitakachojengwa. Naupenda udogo wake. Lakini miradi midogo mingi ina gharama ambayo haionekani siku ya kwanza: kila mmoja unazaa mali mpya ya kutunzwa. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali, mwaka baada ya mwaka na kwa kaunti nyingi, zimejaa majengo yaliyokamilika na hayatumiki kwa kuwa hakuna maji, umeme au mhudumu. Kijiji kilichopewa kisima cha sola bila pesa ya kubadilisha pampu kimepewa kisima cha miaka michache.

Wapo watakaosema: rudini kwenye mwethya. Ni kweli kwamba vikundi hivyo vya kufanya kazi kwa zamu vimeijenga nchi hii. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti mkubwa kuhusu Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, wakionyesha jinsi ardhi iliyodhaniwa kufa miaka ya 1930 ilivyofufuliwa kwa matuta, huku watu wakiongezeka maradufu kadhaa. Mabwawa ya mchanga yaliyoenezwa Kitui na shirika la SASOL tangu miaka ya 1990 yalijengwa kwa mtindo uleule: shirika likileta saruji na fundi, wakazi wakileta mawe, maji na mikono. Mengi yangali yanashika maji, na sababu mojawapo ni kwamba ukuta wa bwawa la mchanga hauna pampu, mota wala bili ya umeme. Aliyebeba mawe hujua pia ufa ulipoanzia.

Lakini tazama ni nani anayebeba mawe hayo. Kwa sehemu kubwa ni akina mama, baada ya kuteka maji na kabla ya kupika. Afisa anaposema wananchi watajitolea kutunza barabara, amewatoza kodi wanawake bila kupitisha mswada wowote. Bustani ya kikundi au tuta la jirani ni la mwethya. Barabara ya umma inayopitisha malori ya mchanga na maembe ya wafanyabiashara inapaswa kulipiwa.

Na Kenya iliwahi kuilipia vizuri. Mpango wa barabara za vijijini ulioanza 1974 ulijenga kilomita zipatazo 8,000 kwa majembe, toroli na nguvu za wakazi. Baada ya ujenzi, serikali ilimwajiri mtu anayeishi kando ya barabara, mara nyingi aliyekuwa kibarua wakati wa kuijenga, akapewa kipande cha kilomita moja na nusu hivi. Alikifanyia kazi siku 12 kwa mwezi: kufyeka nyasi, kuzibua kalvati, kurudisha udongo kwenye tuta la katikati. Alikuwa na mkataba wake, eneo lake, na msimamizi wa kumkagua. Mpango huo ulififia wafadhili walipopungua na pesa za mishahara zilipobanwa, na tangu hapo tumejaribu mengi ya kuziba pengo lake. Makueni wakati wa Kibwana ilinunua mitambo yake ya barabara, na kwa kufungua njia mpya lilikuwa jambo la busara kuliko kukodi. Ila greda haliingii ndani ya kalvati. Tena dizeli na vipuri vyake vinatoka kwenye fungu lilelile linalobanwa.

Swali hili la matunzo halitaishia kwenye barabara za vijijini. Kwenye mpaka wa kaunti hizi mbili, mito ya Athi na Thwake inapokutana, kampuni ya China Gezhouba inajenga Bwawa la Thwake, kazi iliyozinduliwa 2018 kwa pesa za serikali na za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na iliyopita tarehe zake za kukamilika. Watu huuliza litaisha lini. Mimi nauliza mabomba ya kushusha maji hayo hadi vioski vya Wote na vijiji vya Kitui kusini yatatunzwa na fungu gani. Mji wa Kitui unaletewa maji ya Masinga kwa kuyasukuma kwenda mlimani, na kila mita ya kupanda ni umeme wa kulipiwa kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe.

Kwa maoni yangu dawa haihitaji sheria mpya kutoka Nairobi. Kaunti inaweza kutangaza Julai mikataba midogo ya miaka miwili ya kutunza kila barabara, drifti na bomba iliyojenga, ikaigawa kwa vikundi vya wanaoishi pale pale. Iwalipe kila mwezi kwa hali ya kazi badala ya idadi ya toroli. Na ile kamati ya mradi isivunjwe baada ya ufunguzi; iendelee kutia saini malipo ya matunzo kama ilivyotia ya ujenzi. Makueni, iliyokwisha kuwazoesha watu wake kushika kalamu, haina kisingizio cha kutoanza. Kitui, yenye kilomita nyingi zaidi, ndiyo itakayonufaika zaidi.

Wewe msomaji wa Mwingi, Mutomo, Wote au Mbooni unaweza kuisukuma bila kusubiri mtu. Kila kaunti lazima iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na katika hatua hizo wananchi wana haki ya kusikilizwa. Nenda barazani. Mwenzako akiomba barabara mpya, mwache aombe. Wewe omba uonyeshwe ukurasa wa bajeti wenye pesa za kuitunza ile ya mwaka juzi, na usiketi mpaka uonyeshwe.